Moyo unaruka mapigo tangu nipone mafua makali, je nitapona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibaigwa, nina miaka 33, watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Miezi miwili iliyopita niliugua homa na mafua makali, mwili wote unauma, nikapima malaria hakuna. Nikapona, ila baada ya kama wiki mbili moyo ukaanza kuruka, unapiga alafu kama unasimama alafu unapiga kwa nguvu mpaka nashtuka, hasa usiku nikishalala. Nikisimama darasani vipindi viwili mfululizo moyo unakimbia na nachoka sana. Sijawahi kuzimia, miguu haivimbi. Nilipima ECG wakaniambia ni mapigo ya ziada, nisiwe na wasiwasi, wakanipa propranololi. Bado yapo. Jirani anasema moyo umetanuka, mwingine ameniletea dawa za mizizi. Netiboli nimeacha. Nitakufa? Naweza kuendelea kufundisha?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana. Pole hasa ya usiku maana najua zile saa nane mtu ameweka mkono kifuani anasikilizia lijalo, nyumba nzima imelala, hali ya pale siyo ya mchezo.

Nianze na hilo la kufa kwa sababu ndo linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mtu ambaye hajazimia, hakutaja maumivu ya kifua, miguu haivimbi na moyo unamsumbua zaidi akiwa ametulia kuliko akiwa kwenye shughuli, mara nyingi sana yuko upande salama. Hilo nalisema kwa dhati. Lakini sitaki kukwambia usiwe na wasiwasi alafu nikuache hapohapo ulipoachwa, maana kuna kitu kimoja hakijaangaliwa bado na hicho ndo kinaamua karibu kila kitu kwenye swali lako, nacho ni msuli wenyewe wa moyo. Mapigo ya ziada yaleyale, kwenye moyo ambao msuli wake uko vizuri ni usumbufu unaovumilika na mara nyingi unapungua wenyewe, kwenye moyo ambao msuli wake umevimba au umechoka inakuwa habari nyingine kabisa. Na ECG peke yake haitoshi kutofautisha. Karatasi ya ECG ni kama sekunde 10 tu za moyo wako, inaonyesha umeme unavyopita, haionyeshi msuli unavyosukuma. Kwaiyo mwalimu, unachohitaji sasa hivi sio dawa mpya, ni kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo inayoonyesha msuli ukisukuma.

Ngoja kwanza nikueleze kinachoendelea mle ndani, maana nimeona watu wengi hofu inapungua nusu wakishaelewa. Moyo una sehemu ndogo juu upande wa kulia inayotoa amri ya umeme, mtu mzima akiwa ametulia ni mara 60 mpaka 100 kwa dakika, kwa siku nzima inafika kama mapigo 100,000. Sasa kila chembe ya msuli wa moyo ina uwezo wa kuanzisha pigo lake yenyewe, kwa kawaida zinanyamaza zinasubiri amri. Mara mojamoja moja inadakia, kama mwimbaji wa kwaya anayeingia kabla ya mwalimu wa kwaya hajashusha mkono. Pigo hilo la kudakia linakuja mapema, moyo haujajaa damu bado, ndo maana hulisikii vizuri kwenye mkono na unahisi kama moyo umesimama. Haujasimama. Baada yake kunakuwa na kutulia kidogo, moyo unajaa damu zaidi ya kawaida, na pigo linalofuata linasukuma hiyo damu yote kwa mkupuo, hilo ndo linalokushtua. Yaani lile dundo unaloliogopa ndo pigo zima lenye afya, lile la hitilafu lilishapita hata hukulisikia.

Na usiku inazidi kwa sababu za kawaida tu. Kumetulia, hakuna kelele za wanafunzi, moyo unapiga polepole kwaiyo mapigo ya kudakia yanapata nafasi, na ukilalia ubavu wa kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua unausikia kila kitu. Jaribu kulalia ubavu wa kulia, wengi wanapata nafuu usiku huohuo.

Kuna jambo lingine hapa linatisha watu bure. Ile mashine ya presha ya kufunga mkononi, na hizi saa za kisasa, mara nyingi hazihesabu mapigo ya kudakia kwa sababu ni dhaifu. Mtu anaona pulsi 42 anapiga kelele nyumba nzima, kumbe moyo unapiga 84, kila la pili ni la kudakia halikuhesabiwa. Ukiona namba ya ajabu mwambie mtu aliyefundishwa akusikilize moyo kifuani kwa dakika nzima, usiamini mashine peke yake.

Sasa kwa nini baada ya mafua. Virusi vinamsumbua mtu moyo kwa njia zaidi ya moja na hapa ndo pa kukaa kidogo.

Njia ya kwanza, ile inayotuogopesha sisi madaktari, ni msuli wa moyo kuvimba. Virusi vingi vinaweza kufanya hivyo, vya mafua makali, vya korona, vya dengi, na kundi moja linaitwa Coxsackie ambalo kwa watu wengi linaleta homa na kuharisha tu. Saa ingine virusi vyenyewe vinaingia kwenye msuli, saa ingine ni kinga ya mwili inaendelea kupigana wakati adui alishaondoka, na inaumiza moyo. Kwa kawaida inajitokeza siku chache mpaka wiki chache baada ya ugonjwa, na wewe yako imeanza wiki ya pili, hiyo ndo sababu siwezi kuipuuza. Wengi wanaopata hii hali kwa kiwango kidogo wanapona kabisa, moyo unarudi kama zamani. Wachache msuli unabaki dhaifu, na wachache zaidi kovu linabaki kwenye msuli na kuwa chanzo cha mapigo mabaya, na mazoezi mazito wakati msuli bado umevimba yanaongeza hatari hiyo. Ndo maana ulivyoacha netiboli umefanya jambo la maana hata kama hukuambiwa.

Njia ya pili ni mishipa ya fahamu ile inayoendesha mambo bila sisi kuamua, mapigo, presha, jasho. Baada ya virusi inaweza kuvurugika kwa wiki au miezi. Dalili yake kubwa ni moyo kukimbia ukisimama, na kuchoka kusikoelezeka, na hiyo nimeiona kwenye maelezo yako ya vipindi viwili. Hii unaweza kujipima nyumbani. Asubuhi kabla hujanywa propranololi (maana ile dawa inapunguza mapigo inaficha jibu), lala chali dakika 10, hesabu mapigo dakika nzima uandike. Alafu simama wima bila kuegemea, mtu akiwa karibu yako usije ukaanguka, hesabu tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Mapigo yakipanda 30 au zaidi na yakakaa hukohuko, huku presha haishuki, basi sehemu ya tatizo lako ni hii. Haiui, inachosha tu, na inatibika zaidi kwa maji na mwenendo kuliko kwa vidonge.

Na hapa hali ya hewa yetu inahusika jamani. Kanda ya Kati ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anadhani hajatoka jasho kumbe amepoteza maji mengi tu. Mwalimu anaamka saa kumi na moja, chai kikombe kimoja, anasimama na chaki mpaka saa nane, maji anakunywa akirudi nyumbani. Damu inakuwa pungufu kwenye mzunguko na moyo unalazimika kukimbia kuifidia. Beba chupa ya maji darasani, lenga lita mbili mpaka mbili na nusu kwa siku, nusu lita unywe kabla hujatoka nyumbani. Chumvi usianze kuongeza kwa kusikia mtu, subiri presha yako na eko zijulikane kwanza.

Njia ya tatu ni vitu vidogo vya mwili ambavyo ugonjwa unaacha vimepungua. Ukiharisha, ukitapika, ukikaa siku nne huli, potasiamu na magnesiamu zinashuka na moyo unakuwa mwepesi wa kudakia. Alafu kuna damu. Kwa mwanamke wa miaka 33 mwenye watoto wawili mimi siwezi kumaliza mazungumzo ya moyo kwenda mbio bila kuuliza wingi wa damu, upungufu wa damu peke yake unatosha kuleta nusu ya unayoyasema. Na tezi ya shingo pia, ikizidisha kazi moyo unakimbia na usingizi unakata. Kwaiyo siku hiyohiyo ya eko omba na picha kamili ya damu, potasiamu na magnesiamu, na kipimo cha tezi. Kwa chakula huna haja ya kununua kopo lolote la virutubisho, maharage, ndizi, parachichi, viazi vitamu na mboga za majani ukiwemo mlenda wetu, vinatosha sana kama figo zako ziko sawa.

Eko uifanyie wapi? Kutoka Kibaigwa panda gari asubuhi uje Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kuna huduma za moyo. Kipimo chenyewe hakiumi, ni kama ultrasaundi ya mimba ila kifuani. Ukipewa ripoti tafuta herufi EF, hiyo ni asilimia ya damu ambayo chumba kikubwa cha moyo kinaitoa kila kikisukuma. Ikiwa 55 au zaidi, shusha pumzi, msuli unasukuma vizuri. Na jirani yako anayesema moyo umetanuka, kutanuka kunaonekana kwenye eko, hakuonekani kwa kumtazama mtu usoni. Mwambie anayepima aangalie pia kama kuna maji kwenye mfuko unaozunguka moyo, na aangalie valvu, yaani milango ya moyo, vizuri. Hilo la valvu nalisisitiza kwa sababu huku kwetu bado tuna akina mama wengi wa umri wako wenye valvu zilizoharibika tangu utotoni kutokana na maumivu ya koo ya bakteria ambayo hayakutibiwa, mtu anaishi nayo hajui mpaka siku anapata homa moyo unazidiwa ndo inajulikana, alafu lawama zote wanapewa virusi. (Na kama mtoto wako mdogo angekuwa wa miezi mitatu badala ya miaka mitatu ningekwambia funga safari leo, kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaokuja mwisho wa ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Wasomaji wengine mnaonyonyesha vichanga, mkianza kuhema mkilala msisubiri.)

Eko ikiwa nzuri, kipimo kinachofuata ni holta, kijimashine unavaa saa 24 unaendelea na shughuli zako, kinarekodi kila pigo. Kinachoangaliwa ni mapigo ya kudakia ni mangapi katika yale 100,000 ya siku. Hata watu wenye afya kabisa wakivalishwa wanakutwa nayo, wengine mamia, hawana habari. Tunaanza kufuatilia kwa karibu yakifika kama asilimia 10, yaani 10,000 kwa siku, kwa sababu kwa wingi huo yakiendelea miezi na miaka yanaweza yenyewe kuuchosha msuli. Hata hapo kuna dawa, na wachache wasiosikia dawa wanapewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kuhusu propranololi. Inapunguza nguvu ya dundo na kasi, haikusudiwi kufuta kila pigo, kwaiyo kusema bado yapo haimaanishi dawa imeshindwa. Uliza tu, unalala vizuri kidogo? Unashtuka mara chache? Hicho ndo kipimo chake. Mambo mawili muhimu sana: kama una pumu au uliwahi kuwa nayo utotoni mwambie aliyekuandikia haraka, inaweza kukubana kifua. Na usiiache ghafla siku moja kwa sababu umejisikia vizuri au imeisha na hela hakuna, moyo unarudi kukimbia kuliko mwanzo, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo.

Duka la dawa ndo linaniogopesha zaidi kuliko virusi. Homa ikirudi wiki ijayo, nakuomba usiende ukanunua kwinini (dawa ya malaria) wala azithromaisini (antibiotiki) kwa kujiamulia. Zote mbili zinarefusha muda wa moyo kujichaji kati ya pigo na pigo, kwa moyo uliotulia sio shida kubwa, kwa moyo wenye potasiamu ya chini na mapigo ya kudakia inaweza kuleta mpigo wa hatari. Pima malaria kwanza, ikionekana utapewa dawa sahihi na umwambie anayekutibu una shida ya moyo. Dawa za mafua zile za kuzibua pua nyingi zinakimbiza moyo. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za kundi lake kaa nazo mbali mpaka tujue msuli haujavimba, maumivu tumia parasetamo. Na mizizi ya jirani, najua ameleta kwa upendo, ipokee kwa heshima uiweke. Sisemi dawa zetu hazina nguvu, nasema kinyume chake, mimea mingine ina nguvu hasa kwenye moyo, hata digoksini tunayotumia hospitali asili yake ni mmea, na tofauti ya dozi inayotibu na inayoua ni ndogo sana. Mzizi hauna kipimo wala jina kwenye hiyo chupa.

Chai na kahawa kikombe kimoja viwili asubuhi havina neno kwa wengi, ukiona kwako vinachochea acha. Vinywaji vya enaji acha kabisa. Mvinyo wetu wa zabibu na pombe nyingine zote, kwa sasa hapana.

Hizi zifuatazo bandika ukutani, mume au dada wa nyumbani naye azisome. Kuzimia au kutaka kuzimia, hasa ukiwa kwenye shughuli. Maumivu ya kifua yanayobana au yanayozidi ukivuta pumzi. Kuamka usiku unahema mpaka ukae. Miguu kuvimba. Moyo kukimbia zaidi ya 120 umekaa tu na hautulii. Au mapigo kuwa ovyo moja kwa moja, hakuna mpangilio wowote kwa masaa, hilo si pigo la kudakia tena, linaweza kuwa chumba cha juu cha moyo kinatetemeka na damu inaweza kuganda mle na kuleta kiharusi. Lolote kati ya hayo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Na kwenye ukoo, kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kijana, mwambie daktari bila kuulizwa. Mtu akianguka, hajibu na hapumui vizuri, wasimmwagie maji wala kumkalisha, alazwe chali chini na mtu mmoja amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mwingine anatafuta gari.

Sasa hofu. Hofu inamwaga adrenalini, ile homoni ya kushtuka, adrenalini inaleta mapigo ya kudakia, mapigo yanaleta hofu, mzunguko unaanza upya na hakuna hata kimoja hapo ambacho unajitungia. Acha kushika mkono kila baada ya dakika tano. Hesabu mara moja asubuhi, andika kwenye daftari, funga. Usiku yakianza kaa kitandani, vuta pumzi kwa puani polepole hesabu mpaka nne, toa hesabu mpaka sita, endelea dakika tano. Wakati huo moyo unaweza kuendelea kuruka na hutadhurika kwa hilo.

Kazi endelea nayo, kufundisha unaweza. Omba cheti cha kazi nyepesi mpaka eko itoke, mkuu wa shule akupe kiti darasani na asikupangie vipindi viwili mfululizo wiki hizi, na kusimamia mchakamchaka wa asubuhi apewe mwalimu mwingine. Tembea, tembea taratibu jioni jua likishuka, kama unaweza kuongea bila kukatika pumzi hiyo ni kasi yako. Netiboli ni baada ya majibu. Eko, ECG na damu vikiwa safi, na msuli haukuonyesha dalili ya kuvimba, unarudi kidogokidogo, mazoezi ya pasi kwanza mechi baadaye. Ikionekana msuli ulivimba ni kukaa nje miezi mitatu mpaka sita alafu kupimwa tena ndo uruhusiwe, na hapo usinibembeleze mwalimu, hata timu ya wilaya ikikosa mfungaji.

Ukishapata ripoti niandikie ile namba ya EF, wingi wa damu, na yale mapigo ya kulala na kusimama. Na dozi ya propranololi, maana hukuitaja ni miligramu ngapi na mara ngapi kwa siku.